Dondoo muhimu: Maji ya mvua kabla ya kuyanywa

Usiyaamini macho: maji ya paani yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakabeba vimelea kutoka kwenye kinyesi cha ndege na mijusi. Yapime kama yana bakteria wa E. coli: kwa maji ya kunywa, asionekane hata mmoja katika mililita 100. Chukua sampuli kwenye bomba unalotekea, na uichukue baada ya mvua kubwa, maana hapo ndipo uchafu wa paa huingia tangini.

Wapo watakaosema klorini inatosha. Haitoshi maji yakiwa na tope, kwani tope huila dawa kabla haijawafikia vijidudu. Mwaga maji ya mvua ya kwanza, chuja kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri dakika 30. Kaharufu kidogo kasikukimbize. Ni dalili kwamba dawa imebaki. Ukichemsha, acha yatokote kwelikweli, yapoe yakiwa yamefunikwa. Lakini madini ya risasi kutoka kwenye rangi kuukuu ya paa hayaondoki kwa moto wala klorini. Maji ya paa hilo yabaki ya kufulia.