Kabla hujafunga oda ya kanga, soma jina lake

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo nawaletea somo lililonigharimu doti moja ya kanga, nauli ya Kibosho kwenda na kurudi, na nusura linipotezee mteja wangu mzuri kuliko wote.

Nauza kanga hapa Moshi mjini, kupitia WhatsApp na Instagram. Mnajua Desemba kwetu ilivyo: Wachagga wanapanda nyumbani kutoka Dar na kwingine, na kila anayepanda anabeba zawadi ya wazee. Desemba iliyopita mteja wangu wa Dar, aliyeolewa Kibosho, akaniandikia: "Dada, nifungie doti nyekundu yenye nyeusi, nampelekea mama mkwe. Nitaipitia nikishuka kwenye basi." Nikafunga. Sikusoma jina. Nilikuwa na oda nyingine kumi na moja mezani.

Siku mbili baada ya Krismasi simu ikaita. "Dada, umeniponza."

Kanga ilikuwa imeandikwa MLA NAWE HAFI NAWE ILA MZALIWA NAWE.

Methali yenyewe haina tusi. Ndugu wa tumbo moja akimpa nduguye, anaweza hata kulia kwa furaha. Lakini mkwe akimpa mama mkwe? Mama alisoma hivi: tunakula pamoja, ila hatukuzaliwa pamoja, siku ya shida usinitegemee. Hakugombana. Aliikunja, akairudisha kwenye mfuko, akasema asante. Wanaowajua mama zetu wa mlimani wanaujua ukimya huo.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Sisi tunapiga picha mji na rangi, lakini anayepewa anaanza na jina. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, yule wa "Mali ya Abdulla", ndiye anayetajwa sana kwamba alianza kuweka maneno kwenye kanga, na zamani yaliandikwa kwa hati za Kiarabu. Tangu hapo, lile usiloweza kumwambia jirani, wifi au mke mwenza bila ugomvi, unalivaa. Ukiulizwa unajibu, "Mimi nimependa rangi tu." Sasa mteja wangu naye alijitetea hivyohivyo, tena ni kweli, na hakuna aliyemwamini. Ndivyo wanavyosema wote!

Na msidhani ni majina makali tu yanayoponza. MAMA NI MAMA HATA KAMA HANA KITU mtoto akimpa mamaye mzazi, hakuna shida. Mkwe mwenye gari akimpa mama mkwe anayeishi kwa ndizi za kihambani, amemwambia maskini.

Nilipanda mwenyewe Kibosho na doti nyingine, WEMA HAUOZI, na jani la isale mkononi. Kwa wasiojua, isale ndio mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, na Mchagga anayeomba msamaha hubeba jani lake. Nikamweleza mama kwamba kosa ni langu, mkwe wake hakuichagua ile kanga kwa maneno. Alilipokea jani, akaitazama doti mpya, akaniuliza, "Na hii umeisoma?"

Tangu siku hiyo nimebadilisha kazi yangu. Kila posti naliandika jina la kanga kwa maneno, maana kwenye picha mara nyingi linakunjwa ndani. Oda ikija nauliza maswali mawili: unampa nani, na wewe ni nani kwake? Wengine wananiona mmbea, sawa tu. Kisha nayasoma yale maneno kwa sauti kama vile yanatoka mdomoni mwa mteja yakimwendea huyo mtu. Yakikwama kooni, natuma picha ya doti nyingine kabla hajalipa. Ya send-off na kitchen party naangalia mara mbili, kwa sababu pale MC anaweza kuyasoma mbele ya ukumbi mzima.

Hata status zako ni hivyohivyo. Ukiweka HASIDI HANA SABABU kwa hasira ya muuzaji mmoja aliyekuibia picha, wateja mia wanaisoma, na aliyechelewa kukulipa juzi anajua ni yeye. Hasemi kitu. Anahamia kwa mwingine.

Yule mteja alirudi Pasaka. Ujumbe wake wa kwanza haukuuliza bei wala rangi: "Dada, nitumie majina."