SOMO LA UFUNDI: KUCHORA ARDHI YENYE MITEREMKO KWA KOMPYUTA



Wahenga walisema: jifya moja haliinjiki chungu. Katika vyama vyetu methali hii hutumika kuhimiza umoja. Leo tutaitumia kwa maana yake ya jikoni, kwa sababu mafiga matatu ndiyo msingi wa somo hili.

Wengi wetu tunaofanya kazi katika mashamba ya chai na kahawa ya nchi hizi za milima tunaishi juu ya miteremko. Kiwanda kinapotaka kuongeza ghala, uwanja wa malori au nyumba za wafanyakazi, siku hizi mchoro hautengenezwi tena kwa penseli na rula. Msanifu hukaa mbele ya kompyuta, akaiingizia vipimo, na kompyuta ikatoa picha ya ardhi, sakafu na kuta. Kompyuta hiyohiyo huhesabu mita za ujazo za udongo wa kuchimbwa na zege la kumwagwa. Hesabu hiyo ndiyo inayomfikia karani, na kwa karani ndiko ujira wa kibarua unakotoka.

Mara nyingi kibarua amechimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, kisha anasomewa hesabu ndogo. Akiuliza, anajibiwa: "Ndivyo kompyuta ilivyosema." Ndugu, kompyuta haikuipima ardhi. Kompyuta inasema yale iliyoambiwa, na pale ilipokuwa haikuambiwa kitu, imekisia. Tujifunze jinsi inavyokisia.

1. MAFIGA MATATU HAYAYUMBI

Tazama kigoda cha miguu mitatu. Ukiweke mahali popote, hata penye mashimo, hakiyumbi. Meza ya miguu minne lakini huyumba mpaka uitie kigae chini ya mguu mmoja. Sababu ni kwamba nukta tatu zisizo katika mstari mmoja daima hulala kwenye ubao mmoja ulionyooka. Nukta ya nne inaweza kuwa juu au chini ya ubao huo.

Ardhi ya mlimani haina ubao ulionyooka. Kwa hiyo programu za kuchora hugawa ardhi katika pembetatu nyingi, kila moja ikiwa kama chungu kilichokaa juu ya mafiga yake matatu. Kila kona ya pembetatu ni nukta iliyopimwa na mpima ardhi: iko umbali gani kwenda mashariki, umbali gani kwenda kaskazini, na iko juu kiasi gani. Pembetatu zikiungana ubavu kwa ubavu, zinafanya ngozi ya ardhi yote, yenye vilima na mabonde yake. Njia hii ya kuichora ardhi kwa kompyuta ilianza kutumika katika miaka ya 1970.

2. MSHAZARI UPI?

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Chukua kipande cha ardhi cha mraba, mita 10 kila upande. Zipe kona majina kwa mzunguko: A, B, C na D. Tunataka kukichimba mpaka kiwe sawa na usawa wa sakafu ya kiwanda. Mpima ardhi amepima kona tu, akapata hivi:

Kona A: sentimeta 0 juu ya sakafu
Kona B: sentimeta 60
Kona C: sentimeta 0
Kona D: sentimeta 60

Kona nne hizi hazilali kwenye ubao mmoja. Ni lazima mraba ukatwe kwa mshazari upate pembetatu mbili. Lakini mshazari upi? Kutoka A hadi C, au kutoka B hadi D?

Kukata kutoka A hadi C kunafanya mstari wa katikati uwe chini, na ardhi iwe bonde. Kukata kutoka B hadi D kunafanya mstari wa katikati uwe juu sentimeta 60, na ardhi iwe mgongo. Vipimo ni vilevile, lakini ardhi ni mbili tofauti.

Sasa tupige hesabu. Ujazo wa udongo ulio juu ya pembetatu hupatikana hivi: jumlisha kimo cha kona zake tatu, gawanya kwa 3, kisha zidisha kwa eneo la pembetatu. Kila pembetatu yetu ina eneo la mita za mraba 50.

Bonde (A hadi C): kona za kila pembetatu ni 0, 0 na 0.60. Wastani ni 0.20. Mara 50 ni mita za ujazo 10. Pembetatu mbili: mita za ujazo 20.

Mgongo (B hadi D): kona za kila pembetatu ni 0, 0.60 na 0.60. Wastani ni 0.40. Mara 50 ni mita za ujazo 20. Pembetatu mbili: mita za ujazo 40.

Angalieni vizuri. Mpima ni yuleyule na kona ni zilezile, ila mstari mmoja umegeuzwa, na kazi imekuwa mara mbili. Anayelipwa kwa mita ya ujazo anaweza kupoteza nusu ya ujira wake bila mtu yeyote kusema uongo.

3. KOMPYUTA HUCHAGUAJE?

Programu nyingi hufuata kanuni iliyotolewa mwaka 1934 na Boris Delaunay, mwanahisabati wa Urusi. Kanuni inasema: chora duara linalopita katika kona tatu za pembetatu, ndani ya duara hilo isiwepo nukta nyingine iliyopimwa. Kanuni hii ni nzuri kwa sababu huepusha pembetatu ndefu nyembamba kama ncha ya mkuki. Lakini inatazama mahali nukta zilipo kwenye ramani tu. Haitazami kimo chake. Haijui mgongo wala bonde.

Tena katika mraba, kona zote nne hukaa juu ya duara moja. Kanuni haitoi uamuzi wowote. Mashine huchukua mshazari mmoja tu, na kwa ardhi yetu hilo ni kama kurusha shilingi.

Dawa yake iko mikononi mwa binadamu, nayo ni ya namna mbili.

Ya kwanza ni kupima nukta ya tano, katikati. Tuseme katikati tumekuta sentimeta 45. Sasa tunazo pembetatu nne, kila moja ya mita za mraba 25, na kona zake ni 0, 0.60 na 0.45. Wastani ni 0.35. Mara 25 ni 8.75. Mara nne ni mita za ujazo 35. Hiyo si 20 wala 40. Ndiyo hesabu iliyo karibu zaidi na ardhi yenyewe, na imepatikana kwa kuchomeka kigingi kimoja zaidi.

Ya pili ni kumlazimisha mchoraji aweke mstari pale ardhi inapovunjika: ukingo wa mfereji, kichwa cha tuta, ukingo wa barabara. Mstari huo huiambia kompyuta kwamba hakuna pembetatu inayoruhusiwa kuuvuka. Katika programu ya SketchUp kipo kifaa cha kugeuza mshazari mmoja mmoja. Katika Revit mchoraji huongeza nukta na mistari ya kukunja juu ya sakafu au ardhi. Basi asije mtu akatuambia kwamba mashine haikubali.

4. SAKAFU NA SHIMO LA MAJI

Jambo hili haliishii nje. Sakafu ya chumba cha kuoshea nayo huinamishwa ili maji yaende kwenye shimo. Mafundi wengi hutumia mwinamo wa sentimeta 1 hadi 2 kwa kila mita. Pungufu ya hapo maji husimama. Na penye maji yaliyosimama watu huteleza, na waya wa umeme ukiwa karibu hatari ni kubwa zaidi.

Tuseme chumba ni mita 6 kwa 6, na shimo liko katikati. Mchoraji huweka nukta moja mahali pa shimo na kuishusha sentimeta 6. Mara moja sakafu hukunjika katika mistari minne kutoka kona mpaka shimoni. Kutoka katikati ya ukuta mpaka shimo ni mita 3, basi mwinamo ni sentimeta 2 kwa mita. Kutoka kona mpaka shimo ni mita 4.24, basi mwinamo ni kama sentimeta 1.4 kwa mita. Vyote viwili vinafaa.

Lakini ulizeni swali moja: zege lina unene gani shimoni? Katika Revit mchoraji anaweza kuchagua. Akiruhusu tabaka la zege libadilike unene, uso wa chini hubaki sawa na uso wa juu hushuka. Sakafu ya sentimeta 15 itabaki na sentimeta 9 tu kando ya shimo. Asiporuhusu, sakafu yote hukunjika pamoja, juu na chini, na unene hubaki sentimeta 15. Lakini hapo itabidi udongo wa chini nao uchimbwe kwa umbo hilohilo. Chaguo la kwanza hupunguza zege. La pili huongeza kazi ya kuchimba. Ikiwa mashine nzito au toroli za mizigo zitapita hapo, sentimeta 6 hizo ni jambo la usalama wetu.

5. TUFANYE NINI?

Hatuhitaji kompyuta ili kuikagua kompyuta. Mpira wa maji, kamba, vigingi na futi vinatosha. Jaza maji katika mpira unaoonyesha ndani, toa mapovu yote ya hewa, shikeni ncha mbili katika vigingi viwili: maji yatasimama kwa kimo kimoja pande zote mbili. Hapo mtapima tofauti ya vimo bila shaka.

Kwa hiyo kamati ya tawi ifanye haya kabla jembe la kwanza halijapigwa:

(a) Iombe kuonyeshwa mchoro pamoja na mistari ya pembetatu, si picha ya rangi peke yake.
(b) Ihesabu nukta zilizopimwa. Nukta zikiwa chache kuliko vilima na mabonde, idai nyingine zipimwe.
(c) Ichague sehemu mbili au tatu, izipime kwa mpira wa maji, ilinganishe na mchoro.
(d) Ikubaliane na mwajiri, kwa maandishi, kwamba ujazo unahesabiwa kwa udongo ungali ardhini. Udongo ukichimbwa hulegea na kuvimba, basi hesabu ya matela haitalingana na hesabu ya shimo, na ugomvi hautakwisha.
(e) Mwakilishi wa wafanyakazi awepo mpima ardhi anapopima. Udongo ukishaondolewa, ushahidi nao umeondoka.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Kipande cha mraba cha mita 10 kina kona zenye vimo 0, 0.30, 0 na 0.30. Tafuteni ujazo kwa kila mshazari. (Jibu: mita za ujazo 10 na 20.)
2. Katikati ya kipande hicho pamepimwa sentimeta 15. Ujazo ni kiasi gani? (Jibu: mita za ujazo 15.)
3. Katika sehemu yenu ya kazi, maji husimama wapi sakafuni? Pimeni mwinamo wa hapo, mwandike, mpeleke kwenye kamati ya usalama.

Ndugu, asiyejua hesabu huhesabiwa na wengine. Somo hili lisomwe kwa sauti mbele ya wale wasiosoma, na hesabu zichorwe chini kwa kijiti ili kila mmoja azione.