Somo la Historia: Vita Mchangani

Bao likiisha tunapanga kete upya. Leo tujifunze mchezo ambao kilichopotea leo hakirudi kesho.

Mwaka 1918 jeshi la Wajerumani, likiongozwa na Lettow-Vorbeck, lilipita Njombe na Mbozi, likavuka mpaka hadi Fife na Kasama. Waingereza walilifuata. Likasalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba.

Chora vituo hivyo mchangani. Kila upande uwe na mahindi (askari), maharage (wapagazi) na karanga (chakula).

1. Kila jioni songeni kituo kimoja.
2. Mkikutana, rusheni sarafu. Aliyeshindwa atoe punje tano.
3. Harage moja hubeba karanga mbili tu.
4. Kila punje kumi hula karanga moja. Karanga zikiisha, mnanyang'anya kijijini. Wekeni jiwe hapo.
5. Zilizobaki zihifadhiwe koponi. Kesho mwanzie hapo hapo.

Mwisho hesabuni mawe. Vita haikuwa ya babu zetu, lakini mizigo na njaa viliwaangukia wao.

Maswali: Maharage yakipungua, askari watakula nini? Kwa nini tusianze upya kila jioni?