Mazimwi ya Ukoo Mmoja

Mdogo wangu wa Gatwekera, hapa Kibera, daftari lako nimelipitia ukurasa kwa ukurasa. Nimelipitia pia la mwenzako wa Gatina, kule Kawangware, ambaye humjui. Nawajibu pamoja kwa sababu mna tatizo moja, ila kila mmoja amelishika ncha yake. Wewe wa Gatwekera umechora kijiji kizima cha mazimwi na yote yana sura ileile; ili yatofautiane umelivika moja kofia, jingine kaptura, jingine miwani. Mwenzako kila zimwi lake ni la aina yake: hili lina pembe, lile lina mabawa, la tatu lina mkia wa mamba. Nilipofika katikati ya hadithi yake sikujua tena zimwi ni lipi na mnyama wa kawaida ni yupi.

Kwanza nawapa hongera kwa kuchagua zimwi. Vijana wengi huniletea majoka ya Ulaya na mashetani ya katuni za Kijapani waliyoyaona kwenye simu, na ilhali ploti moja tu ya Kibera ina mali ya kutosha miaka kumi. Mlango huu nyanya wa Kikuyu anasimulia irimu. Mlango unaofuata Wajaluo wana apul-apul, Waluhya wana linani, Wakamba wana eimu. Kwame Nyong'o alilichukua zimwi la Milima ya Ngong, milima hiyohiyo tunayoiona jua likitua, akalitengenezea filamu fupi ya katuni mwaka 2011. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba hizi ni hadithi za kulalia watoto tu.

Sasa tufanye kazi. Nyote wawili mmemchukua irimu wa Wagikuyu, yule mwenye kinywa cha pili kisogoni, kimefichwa na nywele. Anakuja ngomani akiwa kijana mtanashati, wasichana wanamgombania, hakuna anayejua kilicho nyuma ya kichwa. Hiyo ndiyo alama ya ukoo. Lakini kuchora tundu lenye meno kisogoni hakutoshi, maana zimwi likikutazama usoni alama yenyewe haionekani. Jiulizeni kinywa hicho kinafanyaje kazi. Kinywa cha kutafuna mifupa kinataka taya, taya linataka misuli, na misuli hiyo haina pa kukaa isipokuwa shingoni. Basi shingo ya zimwi ni nene, inaanzia chini ya masikio, na kichwa kimesogezwa mbele kupisha taya la nyuma. Hapo mmepata umbo. Lijazeni wino mweusi tii, bila macho, bila nguo, mlibandike ukutani, kisha mtu asimame mlango wa pili alitazame. Akisema "zimwi", mmefaulu. Akisema "mtu mnene", rudini shingoni.

Shingo hiyo na kinywa hicho ndiyo mifupa ya ukoo, na haiguswi. Mabadiliko yote mnayoyatafuta yatoke katika maisha ya kila zimwi: umri wake, kazi yake, aliyelizaa, kilicholiumiza. Wewe wa Gatwekera ulibadilisha nguo peke yake, na nguo huvuliwa. Wewe wa Gatina ulibadilisha mifupa.

Msinisadiki kwa maneno tu. Hapo ng'ambo ya Langata kuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, na simba wake wametoa somo hili kabla yangu. Mwaka 1970 C. J. Pennycuick na Judith Rudnai walichapisha njia ya kumtambua simba mmoja mmoja kwa vile vidoa vyeusi vinavyoota sharubu. Tazameni picha ya simba kwa karibu. Shavuni kuna safu za vidoa, na juu ya safu ya juu kuna vidoa vichache vilivyojitenga. Safu ni ya simba wote. Kidoa kilichojitenga kukaa hapa badala ya pale ni cha simba huyu peke yake, na hata shavu lake la kushoto halilingani na la kulia. Ukoo umetoa kanuni, simba mwenyewe akajaza nafasi iliyobaki.

Pundamilia nao hivyo hivyo. Januari 2016 wananchi waliingia kaskazini mwa Kenya na kamera kuwahesabu pundamilia wa Grevy. Walipiga picha ubavu wa kulia, programu ya kompyuta ikasoma milia na kumtenga kila mnyama na mwenzake, na hesabu ikatoka 2,350. Hakuna wawili waliokuwa na milia sawa, na bado huwezi kumchanganya hata mmoja wao na pundamilia wa kawaida: milia yao ni myembamba, tumbo ni jeupe, masikio ni makubwa ya mviringo. Nataka mazimwi yenu yafike hapo.

Na kama mnadhani kanuni haivunjwi kamwe, mwaka 2019 alionekana Maasai Mara mtoto wa pundamilia asiye na milia mwilini. Alikuwa mweusi mwenye vitone vyeupe, na wakampa jina la Tira, kwa jina la mwongoza watalii aliyemwona. Dunia nzima ilimshangaa, lakini hakuna aliyeuliza ni mnyama gani. Mwili, manyoya ya shingo na mama aliyesimama kando yake vilitosha kujibu. Kwa hiyo unaweza kuvunja alama moja ikiwa nyingine zote zimeshikilia, na umvunjie mmoja tu, la sivyo anakuwa kabila jipya.

Sasa turudi mtaani, maana hapa ndipo penye utamu. Kinywa cha kisogoni lazima kifichwe. Kila zimwi linakifichaje? Swali hilo peke yake linaweza kuwapa kijiji kizima. Chukueni zimwi lililo makanga wa matatu namba 46. Linaning'inia mlangoni, kapelo limeligeuza, ule ukingo wa mbele umeangukia kisogoni. Kila anayeliona anadhani ni mtindo. Upepo wa Valley Road unalisumbua, kwa hiyo mkono mmoja umeshika chuma na mwingine hauachi kofia, na nauli inapokewa na nani? Tayari mna mkao ambao zimwi jingine haliwezi kuwa nao. Kisha kuna mama zimwi anayeuza mitumba soko la Toi. Yeye ana kilemba kikubwa, na bega moja limeshuka kwa miaka ya kubeba marobota. Zimwi mzee ni soja wa usiku, kola ya koti imesimama mpaka masikioni. Meno ya nyuma yamemng'oka, hivyo akipumua usingizini kisogo kinapiga mluzi.

Ninayempenda kuliko wote ni mtoto. Shule zetu nyingi zinataka nywele zinyolewe, msichana kwa mvulana. Fikirieni zimwi la miaka minane siku ya kunyolewa. Nywele ndizo zilizokuwa zikimficha tangu kuzaliwa. Kesho yake atakaa dawati la nyuma kabisa, mgongo ukutani. Mapumzikoni hachezi. Akiitwa ubaoni anatembea kinyumenyume, na darasa zima linacheka bila kujua linachekea nini. Meno ya kisogoni ni ya utoto bado, mawili yanalegea. Shingo yake ni ileile ya ukoo, nene kupita umri wake. Huyo hana pembe wala mabawa, na mtu akishamwona mara moja hamsahau. Tena hadithi imejiandika yenyewe. Wewe kazi yako ilikuwa kuuliza swali tu.

Nina sababu ya kuwasukuma hivi. Kwa miaka mingi wageni wamekuja kupiga picha Kibera, na picha wanayoipenda ni moja: mabati yenye kutu mpaka upeo wa macho, watu wadogo chini yake, hakuna mwenye uso. Mtu aliyekulia kijiji cha Lindi na aliyekulia kijiji cha Kianda, humo humo Kibera, wanawekwa ndani ya umati mmoja. Mkizoea kuchora zimwi lenye shingo ya ukoo na bega lake mwenyewe, mkono wenu utakataa kuwachora majirani kama umati. Hili naliamini kabisa, na ndilo linalonifanya nikae usiku na madaftari yenu.

Mafunzo mnayo bure. Simameni mbele ya mabango ya vinyozi, ya Kawangware sokoni na ya Kibera, yale yaliyochorwa kwa mkono: safu ya vichwa, kila kimoja na mkato wake, na vyote ni vya mkono wa fundi mmoja. Kundi la Maasai Mbili, lililoanzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, lilitoka katika kazi hiyohiyo ya kuandika mabango Kibera, na leo ni wasanii wanaojulikana mbali. Nakilini vichwa hivyo kutoka nyuma pia, maana kisogo ndicho mtakachokihitaji, na wachoraji wengi hawajawahi kukitazama.

Mkiketi kuchora upya, wekeni mazimwi yote kwenye karatasi moja, yamesimama mstari mmoja, kwa kipimo kimoja, mbele na nyuma. Choreni kwanza mrefu kupita wote na mfupi kupita wote, mzee kabisa na mchanga kabisa; wa katikati watajipanga. Rangi ije mwisho. Anayeanza na rangi huitumia kufunika uvivu wa umbo.

Na familia ionekane ndani ya ukoo. Mwaka 2018 Derek Lee na wenzake, waliowachunguza twiga wa Kimasai kaskazini mwa Tanzania, walionyesha kwamba baadhi ya sifa za mabaka, kama mviringo wake na unyoofu wa kingo zake, mtoto huzirithi kwa mama. Makanga wa 46 akiwa ni mtoto wa mama wa Toi, nataka nione meno yake ya nyuma yamepangika kama ya mama, hata kama hawaonekani pamoja ukurasa wowote.

Mdogo wangu wa Gatina, mabawa yatoe. Najua yalikugharimu usiku mwingi, na umeyachora vizuri sana. Ukishindwa kabisa kuyaacha, libakizie zimwi moja, lile la mwisho, shingo yake iwe ya wenzake, kisha uniandikie amerithi kwa nani.