Kikapu na Kalamu

Mwezi huu twataka kusema habari za kuwafundisha akina mama waliokwisha kuwa watu wazima, hasa huku kwetu Iringa na Mbeya. Maana wako wanaodhani ya kuwa mama asiyejua kusoma hajui neno lo lote. Sivyo.

Mtazameni mwanamke wa Kihehe asukapo kikapu. Hukata milulu, ndiyo majani marefu yaotayo penye maji, huyakausha, kisha huyasuka kwa kuyakaza sana. Vikapu hivyo vilitumika tangu zamani kuchukulia unga, tena kuchujia pombe. Akitaka kutia nakshi ya rangi hana budi kuhesabu kila mzunguko, kwa kuwa akikosa mahali pamoja nakshi yote yapinda. Je, hiyo si hesabu? Vivyo hivyo Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Kyela: wafinyanzi wao ni wanawake, na vyungu vyao hupakiwa mitumbwini kupelekwa sokoni Lyulilo, karibu na Matema.

Lakini bei hutajwa na nani? Mara nyingi na mnunuzi, kwa sababu kalamu iko mkononi mwake.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hesabu ya watu ya 1967 ilikuwa imeonyesha ya kuwa katika kila watu wazima 100, wapata 67 hawakujua kusoma. Ilipofika 1986 ilitangazwa kuwa waliobaki hawafiki 10. Kazi kubwa kweli! Ila wengi walisahau baadaye, maana hawakuwa na jambo la kuandika kila siku. Tangu 1975 vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kufuata mfano wa Sweden, ambamo kazi za mikono na masomo hufundishwa pamoja. Kimoja kiko Ilula, kingine Nzovwe. Njia hiyo sisi twaipenda zaidi.

Basi mwalimu asianze na a, e, i, o, u. Kila mama aje na kazi yake, na somo la kwanza liwe hili. Tuseme kikapu kimeuzwa mjini kwa shilingi 15,000. Rangi ilikuwa 2,000, nauli ya kwenda na kurudi 3,000. Zimebaki 10,000. Alisuka siku 4, akaenda sokoni siku 1. Basi kila siku amepata 2,000. Waandike hayo wenyewe, hata kama mistari yapinda. Kisha mwalimu aulize: Je, mama watatu wakimtuma mmoja wao na vikapu 3? Mauzo ni 45,000, rangi 6,000, nauli ni ile ile 3,000. Zimebaki 36,000, yaani kila mmoja 12,000, na wawili hawakupoteza siku ya kazi. Hapo ushirika wazaliwa pasipo hotuba.

Wakati mwema wa kuanza ni baada ya mavuno, kwani mvua zikifika Novemba kila mtu yuko shambani. Tena mwalimu apime kwanza nani haoni herufi vema. Wako waliodhaniwa kuwa wazito wa kujifunza, kumbe walihitaji miwani tu.