Miguu Isiyoonekana: Istilahi na Maumbile ya Wanyama wa Salaita na Milima ya Taita

Katika Kiswahili cha kila siku, 'mnyama wa miguu minne' ni ng'ombe, punda au tembo. Kuku na nyoka hawamo. Katika biolojia, hata hivyo, kundi la tetrapoda, ambalo baadhi ya wafasiri huliita kwa maneno hayohayo, linajumuisha ndege, popo, nyoka, nyangumi na binadamu mwenyewe. Makala haya yanadai kwamba tafsiri hiyo inapotosha, na kwamba ushahidi wa upotoshaji huo umo katika Taita Taveta.

Salaita hujulikana zaidi kwa vita vya tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini waliposhindwa kuutwaa mlima huo kutoka kwa Wajerumani. Nyika inayouzunguka inapakana na Tsavo, makao ya tembo na swala twiga. Jina 'swala twiga' ni hodari: linamchora mnyama mwenye shingo ndefu, asimamaye kwa miguu ya nyuma kula majani yasiyofikiwa na swala wengine. Lakini ni jina la umbo, si la ukoo. Swala huyu ni jamaa wa mbuzi na ng'ombe kuliko twiga, na shingo hizo mbili zilirefuka kila moja kwa njia yake. Ajabu ni kwamba zote zina pingili 7, idadi ileile iliyo katika shingo fupi ya tembo na katika shingo ya msomaji. Mageuko hayakuongeza pingili, yalirefusha zilizokuwepo.

Mkono nao una mpango mmoja: mfupa mmoja juu, miwili chini yake, kisha vifupa vingi vya kiganja na vidole. Mwanzo wa mpango huo umeonekana katika mapezi ya Tiktaalik, kiumbe aliyeishi miaka milioni 375 hivi iliyopita, ambaye mabaki yake yaliyopatikana Kanada yalitangazwa mwaka 2006. Katika tembo mifupa hiyo imekuwa nguzo, katika popo imekuwa bawa.

Je, mpango ukifutika kabisa? Hapa inafaa kuiacha nyika na kupanda milima ya Taita. Katika udongo wenye unyevu, hata mashambani, anaishi Boulengerula taitana, amfibia aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1935. Hana mguu hata mmoja. Mwili wake una mikunjo kama pete, macho yamefichika, na jembe likimfichua ni rahisi kumdhania nyungunyungu. Hata hivyo ana taya, meno na uti wa mgongo. Fuvu lake gumu ndilo jembe lake. Akikamata windo kubwa huzungusha mwili mzima ili kulikata, kazi ambayo wengine wangeifanya kwa makucha. Mwaka 2006 watafiti walieleza jambo la kustaajabisha zaidi: ngozi ya mama hunenepa na kujaa mafuta, na watoto huibambua kwa meno maalumu na kuila. Ngozi imefanywa titi.

Kwamba wahenga wa wanyama hawa walikuwa na miguu si dhana tupu. Eocaecilia wa Arizona, Marekani, aliyeelezwa mwaka 1993, alikuwa na miguu midogo.

Mwanafunzi aliyefundishwa kuhesabu miguu atamtoa kiumbe huyu katika kundi lake, na mkulima anayemdhania nyoka mchanga ana sababu ya kumuua. Istilahi 'wanyama wa nasaba ya miguu minne' ni ndefu kidogo, lakini ni ya kweli: inauliza mnyama ametoka wapi, si anasimama juu ya nini. Chini yake anaingia bila ubishi hata Boulengerula niedeni, aliyeelezwa mwaka 2005, ambaye anajulikana kutoka mlima mmoja tu, Sagalla karibu na Voi, na ambaye yumo hatarini kutoweka.