Shangazi, nitie sahihi hati ya shamba iende benki?



Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi karibu na Burnt Forest. Mume wangu analima viazi, mimi nauza maziwa. Tuna ng'ombe watatu, wawili ndio wanaokamuliwa, na kondoo sita. Ndoa yetu ina miaka 14 na sikuwahi kumjua mume wangu kuwa mtu wa siri.

Mwezi uliopita nikiwa kwenye foleni ya kupeleka maziwa nilipigiwa simu na mwanamume nisiyemjua. Akasema mume wangu ni mwizi, nimwambie alipe kabla ya saa kumi. Nilidhani ni matapeli. Jioni nilipomuuliza mume wangu alinyamaza, akatoka, akaenda kukaa zizini hadi saa sita usiku. Tangu hapo hufanya hivyo karibu kila siku. Siku ya tatu ndipo aliponieleza. Alichukua mkopo wa sacco akakodi ekari tatu, akanunua mbegu na mbolea. Viazi vilipokomaa bei ikaanguka. Ili asichelewe kulipa sacco akaanza kukopa kwa simu, kampuni moja, kisha ya pili ili kuilipa ya kwanza, na sasa ni tano. Mwishowe akaenda kwa shailoki.

Hesabu aliyonipa ni hii: sacco 140,000, mikopo ya simu 38,500, shailoki 42,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi, duka la pembejeo 14,000, na karo ya kifungua mimba wetu 22,000. Maziwa hunipa kama 24,000 kwa mwezi kabla ya kununua chakula cha ng'ombe. Wadhamini wake kwenye sacco ni kaka yake na jirani yetu, nao hawajui lolote.

Sasa ameniletea karatasi za benki. Anataka tuweke hati ya shamba tupewe 400,000 tumeze madeni yote kwa mara moja. Shamba ni ekari mbili na nusu, ndipo tulipojenga. Mama mkwe alilirudia baada ya ghasia za uchaguzi za 2008, akaishi hemani na watoto wake mpaka alipoinua ukuta wa kwanza. Hati ina jina la mume wangu lakini benki inataka sahihi yangu. Nikikataa ananuna, tunalala mzungu wa nne. Watoto wameshatambua.

Jambo moja sijamwambia mtu. Nina 27,000 kwenye chama chetu cha akina mama, nilizoweka kidogo kidogo kwa miaka miwili. Nikimwambia, zitakwenda. Nisipomwambia, nina tofauti gani naye?

Mke wa Mkulima, Burnt Forest

*



Usitie sahihi. Nakujibu hilo kwanza kwa sababu karatasi ziko mezani na mume wako ana haraka.

Sheria ya Ardhi ya 2012 iko upande wako. Inasema nyumba ya wanandoa haiwezi kuwekwa rehani mpaka mume na mke wote watie sahihi au waridhie kwenye karatasi za mkopo, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Benki haikufanyii hisani kukuita, kwani bila wewe rehani hiyo haisimami. Na ukitia sahihi ujue unachokubali. Mkikwama kulipa mtapewa notisi ya miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40, halafu shamba linaweza kuuzwa. Miezi mitatu ndio muda ambao viazi vya Shangi huchukua kukomaa. Msimu mmoja tu ukiharibika, notisi ya pili itawakuta hamjajua hata mbegu ya kupanda tena itatoka wapi.

Kisha nimejumlisha madeni uliyoniandikia. Ni 256,500. Mume wako anataka 400,000. Zile 143,500 zinazobaki ni za nini? Muulize kwa upole, naye akujibu kwa upole. Nahisi anataka kukodi tena zile ekari tatu ili viazi virudishe kilichomezwa na viazi. Moyo wa mkulima nauelewa. Lakini Shangi haikai ghalani, huchipua upesi, na watu wakivuna wote kwa pamoja kuanzia kwenu hadi Nyandarua, dalali ndiye anayetaja bei. Kanuni za 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, na bado wakulima wanajaziwa magunia yenye vilemba juu. Mume wako hakuanguka kwa uvivu. Aliweka pesa za kukopa kwenye zao ambalo bei yake haimo mikononi mwake. Akiweka na shamba la mama yake hapo, litafuata njia ileile.

Sasa nije kwenu wawili.

Zamani mtu akitaka kukopa ilimbidi amwendee mtu. Sacco yenyewe ilimtaka mume wako alete wadhamini wawili wamtazame usoni. Lakini tangu mikopo ya simu ya M-Shwari ianze Novemba 2012, na kampuni nyingi kuifuata, mtu anaweza kukopa akiwa amelala kitandani, mkewe yuko ubavuni na hajui. Mume wako alikopa mara tano hivyo. Sisemi hili kumtetea. Nakuonyesha jinsi mtu asiye wa siri anavyogeuka kuwa wa siri, mkopo mmoja kwa mwingine, kila siku akidhani kesho ataumaliza kabla hujajua.

Mimi mwenyewe niliwahi kumficha marehemu mume wangu deni la kioski changu kwa miezi saba. Ninachokumbuka mpaka leo si deni lenyewe. Ni jinsi nilivyokuwa nikiruka kila simu ilipolia, na jinsi nilivyomkaripia kwa mambo madogo ili asipate nafasi ya kuniuliza kubwa. Alipojua, alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Ni ngapi?" Neno hilo moja lilinirudisha nyumbani.

Kwa hivyo chagueni usiku mmoja wiki hii. Watoto wakishalala, ongezeni makaa kwenye jiko, maana najua baridi ya huko kwenu, mkae na daftari la shule na kitabu chako cha maziwa. Kila deni liandikwe mstari wake: ni la nani, ni kiasi gani, linaongezeka kwa kasi gani, na ni nani ataumia lisipolipwa. Aandike yeye kwa mkono wake. Wewe usihukumu usiku huo. Maswali ya "kwa nini" yana siku yake.

Mkimaliza kuandika mtaona kwamba la shailoki ndilo linalowaua. Asilimia 20 ya 42,000 ni 8,400 kila mwezi, zaidi ya thuluthi ya maziwa yako yote, na deni lenyewe halijapungua hata shilingi. Hilo liondoke kwanza, na liondoke lote. Mna kondoo sita. Uzeni wanne. Wakipata 7,000 kila mmoja, hizo ni 28,000. Zinazopungua ni 14,000.

Hapo ndipo zile pesa zako za chama zinapoingia. Umeniuliza una tofauti gani naye. Tofauti ipo, mwanangu, usijitese. Yeye alificha kitu kilichokuwa kikiwala nyote, wewe ulificha akiba iliyokuwa ikiwangoja nyote. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, nao hawakubagua mume wala mke. Mwambie, na mwambie usiku huohuo wa daftari, baada ya yeye kuandika mstari wake wa mwisho. Mwambie na uamuzi wako papo hapo: 14,000 zinakwenda kwa shailoki pamoja na za kondoo, 13,000 zinabaki chamani na haziguswi ila mtoto akiugua. Usimkabidhi pesa zikiwa hazina kazi. Wala usingoje azigundue kwa mdomo wa jirani.

Siku ya kumlipa shailoki nendeni wawili, na mtu mzima wa ukoo awe wa tatu. Ombeni awapunguzie riba ya mwezi huo, kwani anayeona pesa zote mezani husikia zaidi kuliko anayeahidi. Msitoke bila karatasi yenye sahihi inayosema deni limekwisha, pamoja na kitambulisho au chochote alichoshikilia.

Ng'ombe msiuze. Hata mkishauriwa na nani, wale wawili wanaokamuliwa ndio wanaolipa madeni haya. Tena angalia pesa za maziwa zinaingia kwa namba ya nani. Kama zinaingia kwa simu ya mume wako na ana deni la Fuliza, kila shilingi inayoingia hukatwa kwanza, na mnabaki kukopa tena kununua unga siku hiyohiyo. Pelekeni namba yako kwenye chama cha ushirika wa maziwa kabla ya malipo yajayo.

Kuhusu yule aliyekupigia simu na kumwita mumeo mwizi, kama ni wa kampuni hizo za mikopo ya simu, alichofanya kimekatazwa. Bunge lilibadilisha Sheria ya Benki Kuu mwaka 2021, na kanuni zilizotoka 2022 zinawazuia wakopeshaji wa mitandaoni kutisha watu, kuwatukana, au kuwapigia jamaa na marafiki waliomo kwenye simu ya mkopaji. Hifadhi jumbe zote na uandike tarehe na saa za simu. Lalamikeni kwa Benki Kuu ya Kenya, na kwa Kamishna wa Data pia, maana namba yako ilichukuliwa na kutumiwa bila ruhusa yako. Angalieni vilevile kama kampuni hizo tano zimo kwenye orodha ya zilizopewa leseni na Benki Kuu. Deni hata hivyo ni deni. Kwa mujibu wa hesabu yako, ukitoa chakula cha ng'ombe na matumizi ya nyumbani, kama mtaweza kuweka kando 10,000 kila mwezi baada ya shailoki kuondoka, mikopo ya simu itaisha kwa miezi minne hivi au mitano. Lipeni mmoja mpaka uishe, mfute programu yake kwenye simu, kisha mhamie wa pili. Mkopo mpya wa kulipa wa zamani usiingie tena, hata ule wa serikali wa Hustler Fund wenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka, maana nao unadaiwa ndani ya siku 14.

Sacco ni habari nyingine, kwa sababu pale kuna majina mawili ya watu mnaoonana nao kila siku. Mume wako asipolipa, sacco itashika akiba za wadhamini. Kaka yake asilisikie hili kwa barua. Mume wako aende mwenyewe, kwa miguu yake, kabla ya kwenda ofisini, amwambie kaka yake na jirani: nimekwama, deni ni hili, napanga hivi. Najua itamuuma kuliko kuuza kondoo. Baada ya hapo waende sacco pamoja waombe mkopo upangwe upya kwa muda mrefu zaidi, malipo ya mwezi yashuke. Anayekuja kabla hajaitwa hupokelewa tofauti na anayefuatwa. Malipo hayo yawe kazi yake yeye: vibarua, na viazi vya pale nyumbani tu, auze kwa ndoo kwenye barabara kuu ya Nairobi na Eldoret badala ya kumngojea dalali. Mambo ya kukodi yasubiri.

Duka la pembejeo mwahidini kidogo kila mwezi na mtimize. Shuleni nendeni kwa mwalimu mkuu kabla mtoto hajafukuzwa, mumwulize kama atapokea mahindi au viazi badala ya sehemu ya karo. Kuna shule zinazofanya hivyo.

Nimeacha la mwisho, ambalo wewe umeliandika kwa sentensi mbili na mimi limeninyima usingizi. Mume wako anakaa zizini gizani hadi saa sita usiku. Usilichukue kuwa ni kununa. Usiku wa leo vaa koti, mfuate, ukae naye. Muulize waziwazi kama anawaza kufa. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hana, na mara nyingi humfungua aliyefungwa. Akisema ndiyo, au akilia asiweze kujibu, usimwache peke yake, ita kaka yake usiku huohuo, na kesho yake nendeni hospitali ya Burnt Forest au Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Dawa za kunyunyizia viazi ziondoe nyumbani leo, uzipeleke kwa jirani. Shilingi 256,500 zinaweza kulipwa na watu wawili walio hai.

Na watoto, kwa kuwa wameshaona, waambieni ukweli unaowatosha: baba na mama wana deni, wanalilipa pamoja, mwaka huu hakuna nguo mpya.

Mrudishie afisa wa benki karatasi zake, umwambie hamko tayari. Kisha niandikie tena baada ya malipo ya maziwa ya mwezi ujao. Nieleze mmebaki na kondoo wangapi, kaka yake alisema nini, na kama mume wako ameacha kukaa zizini usiku.